Siku niliyoinuka kutunza

Mie mtu wa aibu, waulize wanaonijua. Harusini nakaa nyuma karibu na feni, taarabu naisikiliza kwa kuchezesha kidole cha mguu ndani ya kiatu, basi. Miaka yote nahudhuria maharusi na sijawahi kuinuka kutunza, noti ninayo mkononi mpaka inalowa jasho naishia kuirudisha kwenye mkoba.

Kwa asiejua, kutunza siyo kurusha hela tu kama mnavyoona kwenye video. Unasubiri beti yako. Ikifika unainuka, unakwenda taratibu kwa mwendo wa muziki, noti juu kila mtu aione, unampa muimbaji unarudi kukaa, na hujafungua mdomo lakini ukumbi mzima ushakusoma. Ndo ugumu wenyewe huo, maana watu wanaanza hesabu zao hapohapo, kaitunza beti ile, sasa kampiga kijembe nani?

Huwa namfikiria Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarabu wa zamani wa Zanzibar. Mtu katoka Fumba anauza vyungu mjini, anatembea kwa miguu anaita wateja kwa sauti yake, wakamcheka weee eti mtu wa shamba, na mwaka 1928 akaenda mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mie kuinuka tu kwenye kiti cha plastiki kunanishinda.

Sasa kuna jirani yangu wa ghorofa ya juu, hapa Michenzani, kwenye mabloki ya ghorofa mjini Unguja. Mwaka mzima tulikuwa hatusemezani. Kisa nguo jamani. Anaanika bila kukamua, maji yanashukia kwangu, siku moja kaanika kanga mpya nyekundu inachuja rangi na chini yake mie nimeanika nguo nyeupe ya mwanangu ya chuoni. Nikapanda juu. Niliyoyasema siyaandiki hapa. Tokea siku hiyo ngazini tunapishana kila mtu kaangalia ukuta wake, na ngazi zenyewe za mabloki mnazijua zilivyo.

Mwezi uliopita tukakutana kwenye harusi moja, yeye safu ya mbele mie kwenye feni yangu. Muimbaji akashika wimbo wa zamani ule wa polepole, fidla inalia, mzee wa ganuni anadonoa nyuzi kama hana haraka na dunia. Ikaja beti inayomlalamikia mtu alienuna bila kusema kosa. Nikamuona jirani kainuka, noti juu.

Moyo wangu paa! Nikajua nimepigwa mie, mbele za watu.

Mama mdogo pembeni akanifinya paja, "Utakaa tu?" Basi sijui miguu ilitoka wapi, nikainuka na elfu mbili yangu imekunjamana kama risiti ya dukani, nikaenda, wala sikwenda kwa mwendo wa muziki nimekwenda kama mtu anaewahi daladala, lengo langu nami nirudishe kijembe. Nimefika mbele namuona jirani bado kasimama pale kwa muimbaji, machozi yanamtoka, wanja wote umeshuka. Mtu anaepiga kijembe halii. Nikabaki na noti yangu hewani sijui hata namtunza nani, akanishika mkono, tukasimama hivyo mpaka kiitikio kikaisha.

Taarabu asili yake Kiarabu, tarab, ile hali ya mtu kuguswa na muziki mpaka akajisahau. Nilikuwa nalijua hilo muda mrefu, la kusoma tu.

Kwenye daladala ya kurudi ndo akaniambia, wimbo ule marehemu mama yake alikuwa akiuimba akichekecha unga, na tokea amezikwa hajausikia. Alizikwa mwaka huohuo tulionuniana. Yaani msiba umetoka juu ya kichwa changu, mie nasikia viatu vya watu ngazini usiku kucha nikasema huyu na wageni wake, sikupanda hata kutoa pole. Nikampa pole yangu mle ndani ya daladala, imechelewa, tumebanana na mtu mwenye tenga la samaki.

Nguo bado anaanika bila kukamua, jana tu kanilowesha tena. Nikatoka dirishani nikampigia kelele, akachungulia chini, akaniuliza chapati nimeshapika au aniteremshie.