Tangi la upanuzi kwenye maji moto

Nyumba nyingi Mwanza hupata maji kwa mteremko kutoka simtanki la juu. Maji ya moto yakitanuka hurudi huko huko. Ukifunga pampu yenye valvu ya kuzuia maji kurudi, njia hiyo imezibwa. Lita 300 zikipanda kutoka nyuzijoto 25 hadi 60 huongezeka takriban lita 4, na valvu ya usalama, inayotoa maji presha ikizidi, itachuruzika kila siku. Usiizibe kamwe!

Funga tangi la upanuzi, yaani tangi dogo lenye mpira na upepo ndani linalopokea maji yanayotanuka, kwenye bomba la maji baridi, kati ya valvu ya pampu na hita. Kabla ya kuliunganisha, likiwa tupu, pima upepo wake kwa geji ya matairi, ujaze ulingane na presha ya maji baridi: maji yakiwa baa 3, upepo nao uwe baa 3. Ukibonyeza pini ya upepo yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka.