Mbwa wa kuishi naye kwenye fleti: usianze na ukubwa

Ndugu zetu walioko ughaibuni wakitaka kufuga mbwa, swali la kwanza karibu kila mara ni hili: fleti ni ndogo, nitafute mbwa gani mdogo? Hapo ndipo wengi hukosea. Kuna mbwa wa kilo 6 anayeweza kuwafanya majirani wa ghorofa tatu wamlalamikie mwenye nyumba, na kuna mbwa wa kilo 30 anayekaa kwenye chumba na sebule bila watu wa jengo kujua kama yupo. Kabla ya kupima urefu wake, uliza mbwa wa aina hiyo alizalishwa afanye kazi gani, kisha uhesabu saa ambazo wewe hauko nyumbani.

Mchukue Jack Russell. Anabebeka kwapani. Lakini babu zake walizalishwa Uingereza kumfuata mbweha mpaka ndani ya shimo na kubweka humo humo ili wawindaji walioko juu wajue pa kuchimba. Silika hiyo haifi kwa kuhamia ghorofa ya nne. Kila hatua ya mtu kwenye korido ni mbweha, na godoro ni udongo wa kufukua. Beagle naye, kilo 9 hadi 11, ana macho ya huruma yanayomfanya kila mtu amtake. Huyo ni mbwa wa kuwinda kwa kundi, aliyeumbiwa mlio mrefu wa kusikika ng'ambo ya mashamba. Ukimwacha peke yake ndipo anapoutumia zaidi. Border Collie alikuwa akichunga kondoo kutwa nzima vilimani, kwa hiyo matembezi ya saa moja kwake ni kujinyoosha viungo tu. Asipopewa kazi ataitafuta mwenyewe: atawazungukia watoto na kuwasukuma kama kondoo, atakimbiza kivuli ukutani, atajitafuna mguu.

Greyhound ni kinyume chao. Alizalishwa kwa mbio kali za muda mfupi, karibu kilomita 70 kwa saa, na zikiisha analala. Kwa kweli sehemu kubwa ya siku yake ni usingizi, na kubweka kwake ni kwa nadra. Wengi hupatikana baada ya kustaafishwa kwenye mashindano, wakiwa bado vijana. Ila mjue tatizo lake kabla hajafika mlangoni: mbwa aliyekulia kwenye mabanda ya mashindano huenda hajawahi kuona ngazi, sakafu inayoteleza wala mlango wa kioo. Siku ya kwanza anaweza kuganda kwenye kidato cha pili, miguu yote minne ikitetemeka, mkia umefyata tumboni. Usimvute kamba. Mtu mmoja akae nyuma yake kumkinga asianguke, mwingine amshike miguu ya mbele na kuiweka kwenye kidato kinachofuata, mmoja mmoja, kisha ya nyuma. Rudieni ngazi chache kwa siku, na baada ya siku kadhaa wengi hupanda wenyewe. Ngozi yake ni nyembamba na manyoya mafupi, hivyo wakati wa baridi anahitaji koti. Na asifunguliwe kamba pasipo na uzio, maana akiona paka hatasikia jina lake.

Wapo wanaomtaka German Shepherd kwa sababu ni mlinzi anayejulikana. Mlinzi anahitaji mpaka wa kulinda, na kwenye fleti mpaka huo ni mlango wa mbele unaopitwa na watu mchana kutwa. Jirani akitoa funguo zake, mbwa anatoa taarifa. Kumfundisha anyamaze inawezekana, lakini ni kazi ya miezi ya kila siku, na majirani hawatasubiri miezi.

Sasa wale wenye pua bapa, French Bulldog na Pug. Wanapendwa sana fletini: hawana kelele nyingi na hawadai mbio ndefu. Ushauri wetu ni kutowanunua, na sababu ni maumivu yao wenyewe. Fuvu limefupishwa kizazi baada ya kizazi, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho hicho. Kaakaa laini linaziba koo, tundu za pua zimebanwa. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na huyu hewa haimpiti vizuri. Fleti ya juu inayopigwa na jua mchana, madirisha yamefungwa, ni hatari kwake hata akiwa amelala tu. Kukoroma kwake ambako watu hukuona kuzuri ni sauti ya njia ya hewa iliyobanwa. Jambo jingine kwa mtu ambaye huenda akahama nchi tena: mashirika mengi ya ndege hayawapokei mbwa hawa sehemu ya mizigo. Kama tayari umeahidiwa mmoja na huwezi kukataa, mtembeze mwendo wa kukimbia polepole kwa dakika 3, kisha sogeza sikio karibu na koo. Ukisikia mkwaruzo au mluzi, mpeleke kwa daktari wa wanyama kabla ya kukamilisha chochote.

Katika wadogo wenye pua ya kawaida zaidi, Cavalier King Charles Spaniel ni mpole kwa watoto na kwa wageni wa kwenye lifti, kilo 5 hadi 8. Udhaifu wake mkubwa ni vali za moyo, hivyo omba kuona vipimo vya moyo vya wazazi wote wawili, vyenye tarehe na sahihi ya daktari. Tena hapendi kabisa upweke, na anamfaa zaidi anayefanyia kazi nyumbani.

Shih Tzu, Maltese na Poodle wa saizi ndogo hawapukutishi manyoya sana, na hiyo ni nafuu kubwa kwa anayefagia sebule ndogo. Lakini manyoya yasiyodondoka yanaendelea kukua. Yachanwe kila siku au siku mbili mpaka kwenye ngozi, na yakatwe kila wiki 6 hivi. Ukiruka, yanajisokota na kuwa kama mkeka nyuma ya masikio na kwapani, ngozi chini yake inachubuka, na dawa inabaki moja, kumnyoa. Mwenye mzio asidanganywe kwamba wapo mbwa wasioleta mzio kabisa. Kinachosumbua kiko kwenye mate na vumbi la ngozi, na kila mbwa anavyo. Kaa na mbwa mwenyewe unayemtaka saa moja au mbili ndani ya chumba, mara mbili kwa siku tofauti, ndipo uamue.

Dachshund ana mgongo mrefu na diski za uti zinazoharibika kwa urahisi. Jengo lisilo na lifti, ghorofa ya tatu, maana yake ni kumbeba kwenda na kurudi kila anapotoka. Basenji wa Kongo, ambaye jina lake lina undugu na neno letu "shenzi", husifiwa kwamba habweki. Ni kweli hubweka kwa nadra sana, lakini anaimba kwa mlio wa kupanda na kushuka, anapanda juu ya makabati, na akichoshwa na ukimya ataichana sofa. Ni mbwa wa mtu anayekimbia asubuhi.

Tuje kwenye saa, kwa sababu hapa ndipo maisha ya huku yanapobana. Mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya saa 6 hadi 8. Kwa mtoto wa mbwa, chukua miezi ya umri wake, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kuzuia mkojo: wa miezi 2 anaweza kujizuia saa 3, na huo ni mwisho wa uwezo wake, si ratiba ya kumpangia. Juu ya hapo, mpaka amalize mfululizo wa chanjo, karibu wiki ya 16, asikanyage mahali wanapopita mbwa usiowajua. Kwa hiyo unambeba kwenye lifti, au unamwekea trei ya nyasi au pedi kwenye roshani. Anayefanya zamu ya saa 12 na kusafiri saa nzima kila upande hawezi kulea mtoto wa mbwa peke yake. Atafute mbwa wa miaka 2 na kuendelea, ambaye tabia na ukubwa wake vimeshajulikana, na bado apange mtu wa kumtoa katikati ya zamu.

Aina yoyote utakayochagua, anza na likizo ya wiki 2 na umfundishe kubaki. Vaa viatu, shika funguo, kisha kaa tena. Rudia mpaka asiinue hata kichwa. Toka sekunde 10, rudi kimya kimya. Kisha 30, kisha dakika 2, kisha 5. Acha simu ikirekodi, maana mbwa wengi wanaosumbuka huanza ndani ya nusu saa ya kwanza, na usipoangalia utajua kwa mdomo wa jirani. Akihema bila joto, akidondosha mate au akikwaruza mlango, umekwenda haraka. Rudi kwenye muda aliouweza.

Jirani wa chini ana kero nyingine, nayo ni kucha. Zikigonga sakafu tik-tik mbwa anapotembea, zimezidi urefu. Zikate kidogo kidogo kila wiki 3 au 4, na utandike zulia refu lenye mpira chini kwenye njia yake ya kila siku, kutoka anapolala mpaka mlangoni.

Haya yote yasubiri karatasi. Soma mkataba wa nyumba, kisha omba ruhusa ya maandishi inayotaja aina ya mbwa na uzito wake, kwa sababu mikataba mingine inaweka ukomo wa kilo na Greyhound wako mtulivu ataangukia hapo. Angalia pia sheria ya nchi. Uingereza ina aina zilizopigwa marufuku tangu sheria ya 1991, na XL Bully, mbwa mkubwa wa aina ya American Bully, aliongezwa mwishoni mwa 2023. Ujerumani majimbo mengi yana orodha zake, nazo zinatofautiana. Chotara anayefanana na aina iliyokatazwa naye anaweza kukuletea shida, kwa hiyo usiridhike na maneno ya muuzaji.

Ukienda kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, uliza amewahi kuachwa peke yake kwa muda gani na alifanya nini, anaitikiaje kengele ya mlango, na kama amewahi kupanda lifti. Kama hakuna anayejua, omba umchukue siku moja na uipande naye lifti mara tano, mara mbili kati ya hizo pakiwa na mtu mwingine ndani. Akitoka bado anakubali kula kitu mkononi mwako, endelea na mazungumzo.