Niliyoyaona nikiwa kando ya deki

Kwa karibu miaka minne nilikuwa mtoto wa kike pekee aliyeruhusiwa kukaa mbele kabisa kwenye banda la video la mjomba wangu, pale Ngamiani, Tanga, na wala sikuwa naangalia picha. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, deki ubavuni. Kazi yangu ilikuwa kubadili sidii na kuzipangusa kwa pindo la kanga zikianza kukwama. Televisheni ilikuwa imewekwa juu ya kichwa changu kabisa, kuitazama mpaka uvunje shingo. Basi nikawa natazama watu.

Ndiyo maana mtu akiniambia, "Dada, nitajie picha moja ya kutisha kweli kweli," kwanza namuuliza anafanya kazi gani na amelelewa wapi. Wengine hudhani nawafanyia mzaha. Sina mzaha.

Chukua siku za kusi, bahari imechafuka, vyombo vimefungwa. Siku hizo banda lilijaa wavuvi wa Sahare na Deep Sea, watu wazima wasio na pa kwenda mpaka upepo utulie. Mjomba akaona awape picha ya bahari. Akaweka Jaws, ile ya mwaka 1975, ya papa mkubwa anayekula watu kwenye kisiwa cha mapumziko huko Marekani. Picha linaanza, binti anaogelea usiku peke yake, anavutwa chini, anapiga makelele. Banda zima kicheko. "Nani kamtuma kuoga usiku?" Wale walikuwa watu wa jarife, nyavu za kuvulia papa. Ndizo nyavu zile zile ambazo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimekuwa zikileta silikanti hapa Tanga, samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha toweka duniani zama na zama, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Papa kwao ni mali. Nyama inatiwa chumvi, inakaushwa, inasubiri nazi. Wakawa wanabishana yule wa kwenye picha angetoa vipande vingapi.

Halafu yakaja mapipa.

Kama umeiona utakumbuka. Wale jamaa wa kwenye boti wanamchoma papa kwa chusa lenye kamba, na kamba imefungwa kwenye pipa la njano, ili achoke kwa kulivuta. Pipa linakwenda juu ya maji, mbio, kisha linazama. Halikuibuka upesi. Mzee mmoja benchi la pili alikuwa anakula karanga kutoka kwenye kikaratasi, mkono wake ukasimama katikati ya safari, karanga kidoleni, mdomo wazi. Wakamtia papa pipa la pili. La tatu. Likazama na hilo. Hakuna aliyecheka tena. Nikasikia mtu anasema taratibu, "Yallah, mapipa matatu." Kila mmoja mle ndani aliwahi kutazama boya lake, na mikono yake inajua hesabu ya kinachotakiwa chini ili kitu kile kizame. Papa mwenyewe alipokuja kuonekana mzima mzima mwisho wa picha, mzee wa karanga akaendelea kula.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba papa yule alikuwa mashine, na kila wakimtia kwenye maji ya chumvi anaharibika. Mwongozaji Steven Spielberg akajikuta hana papa, ikabidi aonyeshe dalili tu: pezi, muziki, mapipa. Nilikuwa ndani ya bajaji nikacheka peke yangu mpaka dereva akageuka. Kumbe wavuvi wa Sahare walitishwa na ubovu wa mashine.

Picha iliyomvunja moyo mjomba kuliko zote ilikuwa The Exorcist, ya mwaka 1973, ya binti aliyepandwa na shetani. Alikuwa amesikia kuwa huko nje watu walizimia wakiiangalia. Akapandisha kiingilio, wakubwa kutoka shilingi mia hadi mia mbili, na watoto akawafukuza, isipokuwa mimi maana deki ilinihitaji. Watu wakaingia wamejikaza. Binti akaanza kubadilika sauti, kitanda kinaruka, na mle ndani pakawa kama kikao cha ukoo.

"Muulizeni anataka nini!"

Hiyo ilikuwa sauti ya mama mmoja muuza mihogo. Hakuwa anatania. Pwani hii pepo akimpanda mtu anaulizwa jina lake, kwao wapi, na haja yake nini. Ataka ubani, ataka marashi, ataka chano chake kiandaliwe, atapewa, mambo yatasikilizana. Sasa hawa mapadri wanaingia chumbani na kuanza kumfukuza mgeni bila hata kumjua jina? Mzee mwingine akasema, "Hapo lazima akasirike." Kichwa cha binti kikageuka hadi mgongoni, wakaguna tu, kama wanaomlaumu fundi asiyejua kazi. Mtu wa Roma au mwenye shangazi mtawa huenda aliiona picha nyingine kabisa usiku ule, lakini banda letu lilikuwa na watu wa aina ile.

Ila kuna mahali muuza mihogo yule alinyamaza. Kabla ya mapadri, binti anapelekwa hospitali kupimwa. Wanamlaza, wanamfunga, wanamchoma sindano shingoni, damu inaruka kidogo, mashine inagonga ga-ga-ga. Hakuna jini hapo, ni madaktari wenye nia njema. Mama yule akajifunika uso kwa mtandio, kisha akanyanyuka akapita kwa kuinama ili asiwazibe wengine, akatoka, na akarudi sehemu ile ilipokwisha. Mwanawe alikuwa mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mtaa mzima ulijua, mimi ndiye sikuwa nimeunganisha.

Mikanda iliyotafsiriwa na Lufufu, yule msimuliaji wa picha za nje kwa Kiswahili, ilikuwa jambo lingine. Ilikuwa haitishi hata kidogo, na mjomba aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Zimwi linanyemelea gizani, lakini una jamaa sikioni anakuhadithia, anampa zimwi maneno ya kijiweni. Giza lenye mtu anayeongea halina nguvu. Mazombi ndiyo kabisa, watoto walikuwa wanayapigia makofi.

Mimi mwenyewe? Damu hainisumbui. Kinachonifanya nipunguze sauti na kuwasha taa ni mtu kuitwa jina lake kwa sauti ya mama yake, kutoka chumba ambacho mama hayumo. Namlaumu bibi. Alitufundisha kwamba ukiitwa usiku usiitike mara ya kwanza, wala ya pili, hadi leo mume wangu ananiita mara tatu kama mpiga mnada.

Lakini nimekuja kumzungumzia mjomba.

Mjomba aliziona zote, nyingine mara kumi. Visu, misumeno, watu wanachunwa, yeye anahesabu sarafu. Picha za vita ndizo alizopenda, anawakosoa wanavyoshika bunduki. Ila nilivyokuwa nakaa nikitazama watu, nikagundua kuna nyakati anasema, "Ngoja nikaangalie jenereta," na umeme upo. Ilinichukua muda kupata kinachofanana. Mara ya kwanza ilikuwa picha ya wezi wa benki, mara ya pili ilikuwa ya kuchekesha, tena ya Kihindi, watoto wanavunjika mbavu. Kilichokuwemo kwenye zote mbili ni lori linalokwenda usiku, limezima taa.

Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, tumekaa barazani kwake Mabawa, kikombe cha kahawa mkononi. Nilijua alikwenda vita vya Kagera, mwaka 1979, bado kijana. Hakuwa mtu wa kuvisimulia.

"Taa zimezimwa," akasema. "Hakuna sigara, hakuna kukohoa. Mmesongamana nyuma, goti la mtu liko mbavuni mwako na humjui ni nani. Unasikia injini tu."

"Mkashambuliwa?"

"Hatukushambuliwa. Tulifika."

"Basi?"

"Basi nini, mama? Tulifika." Akamwaga machicha ya kahawa kwenye maua ya mkewe, akabadili mazungumzo, akaniuliza bei ya nazi.

Banda lilifungwa siku nyingi, kila mtu sasa ana picha zake kwenye simu. Mabenchi yalikwenda kwa mama ntilie, jenereta ikanunuliwa na fundi seremala wa Makorora. Ijumaa nikipata nafasi napita kwa mjomba baada ya swala ya alasiri, naunganisha simu yangu na televisheni yake, tunaangalia kitu. Yeye haulizi picha inahusu nini, wala stelingi ni nani.

"Humo mna lori?" ndilo swali lake.

Kwa kawaida huwa nimeiangalia kwanza, namjibu. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimechelewa, picha ni mpya, sikuwahi kuipitia.

"Sijui, mjomba."

Akanyanyuka taratibu, mkono kwenye goti. Akasema nianze tu, yeye anakwenda mara moja kuangalia jenereta.