Kipupwe cha Usambara na matuta ya bibi

Mombo saa saba mchana, mwezi wa Julai. Jua la nyikani linapiga, wauza machungwa wamehamia vivulini, na mimi nimekumbatia koti zito la mtumba. Konda wa Kosta alilitazama koti, akasema, "Wewe ni wa mlimani," hata kabla sijamwambia niendako.

Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona. Ukipita Soni, kwenye maporomoko, abiria wanaanza kufunga madirisha mmoja mmoja bila kuambizana. Ukifika Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukungu umelala juu ya mabati, wanaume wamevaa kofia za sufu, kina mama wamejitanda kitenge juu ya kitenge.

Nakuja kumwona bibi mzaa mama kila kipupwe. Ndugu zangu wa Dar wanapenda Desemba, msimu wa plamu na mapeasi, nami siwalaumu. Ila baridi ya Julai inamweka kila mtu jikoni mapema, na jikoni ndiko bibi anakosimulia. Amevuka miaka themanini. Sina muda wa kuchezea.

Siku ya pili nilitoka na mtoto wa mjomba tukapanda hadi Irente. Tulitembea katikati ya mashamba ya kabichi na karoti, manyunyu yakitushukia taratibu, tukiwasalimu waliopishana nasi "Onga mshi" huku midomo ikitoa mvuke. Tulipofika kwenye jabali hatukuona kitu. Weupe mtupu mbele yetu, kama shuka limeanikwa. Tukakaa karibu saa nzima, mikono kwapani, tukigawana mahindi ya kuchoma yaliyokwisha kupoa.

Halafu upepo ukageuka. Ukungu ukapasuka chini kwanza, si juu, na ghafla tukaona nyika yote inang'aa kwa jua: mistari ya mkonge, barabara kuu, reli, na Mazinde hapo hapo chini ya miguu yetu. Sisi tunatetemeka, wao kule chini wanatoka jasho. Nimepaona mara nyingi, lakini safari hii nilishikwa na kitu kifuani, kwa sababu usiku uliotangulia bibi alikuwa amenisimulia habari za Mazinde.

Mazinde alikaa Semboja. Baba yake alikuwa Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene, yaani mfalme wa Washambaa, aliyetawala kutoka Vuga, si mbali na Soni, na nguvu zake zilifika hadi pwani, Tanga na Pangani. Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848 akakuta nchi yenye utaratibu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walimkuta Kimweri mzee na mgonjwa, naye akawaomba dawa ya kumrudishia ujana. Ombi hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Mzee aliona alichokishika kinamponyoka, na hakuwa na wa kumwachia kwa amani.

Alipokufa, miaka michache baadaye, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, ambaye ni baba mdogo, akapigana na mtoto wa nduguye. Angeweza kuhamia Vuga baada ya kuiteka, lakini alibaki bondeni, kwa kuwa misafara ilipita huko, na bunduki zilipatikana huko. Bunduki zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu. Familia ngapi za mlimani zilipoteza mtoto miaka ile, hakuna kaburi linalosema.

Bibi haelezi mambo haya kwa tarehe. Ana maneno mawili ya Kishambaa ambayo kwake yanatosha: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala yeyote anapimwa hapo tu.

"Mfalme akiwa mmoja mwenye nguvu, mvua inanyesha," aliniambia, akisogeza kuni kwenye mafiga. "Wakiwa wawili wanaolingana, kila mmoja anamzuilia mwenzake mvua. Hiyo ndiyo nguvu kwa nguvu. Watu wanakufa njaa."

Nikamwuliza Mbegha je, mzee wa Wakilindi wote, ukoo huo wa wafalme. Akatabasamu. Mbegha alitoka Nguu, alizaliwa kigego, meno ya juu yalitangulia, ndugu zake wakamkataa. Akaja mlimani anawinda nguruwe. Yeye ana nyama, Washambaa wana ndizi, wakabadilishana, wakazoeana. Akaua simba, wakamweka mfalme. "Alikuja na kitu mkononi," bibi akasema. "Waliofuata walikuja mikono mitupu wanataka tuwape."

Wajerumani waliofuata walipapenda mahali hapa kwa ajili ya baridi hii hii. Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Reli yao ilianza Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905; kutoka msitu wa Shume wakashusha magogo ya mierezi hadi Mkumbara kwa nyaya. Kahawa yao kwenye miteremko hii haikuwapa walichotarajia. Mkonge ndio uliowapa, ule niliokuwa nautazama kutoka Irente, uzao wa miche 62 iliyofika hai mwaka 1893, iliyoagizwa na Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani. Mwaka 1916 Waingereza wakawatoa, na Lushoto ikarudi kuwa Lushoto.

Lakini mimi safari hii nilikuja na swali moja. Mwaka jana, nikikatiza shamba la jirani, niliona kwenye mteremko mwinuko kama ngazi zilizozama, zimeota magugu. Nikahisi ni matuta, yale ya Mwingereza, nikataka kuyasikia kutoka kwa bibi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliona udongo wa Usambara unaporomoka, na kweli ulikuwa unaporomoka. Wakaanzia bonde la Mlalo, kisha milima yote: kila kaya ilime matuta kukinga mteremko. Asiyelima analipa faini, asiyelipa anafungwa. Kwenye karatasi ni jambo la busara. Shambani aliyeshika jembe alikuwa mwanamke.

Bibi alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka mama yake akirudi giza limeingia, kipupwe kama hiki, anashindwa kufungua vidole. Alinionyesha: akakunja viganja vyake mwenyewe kama vimeshika mpini, akavishikilia hivyo hivyo juu ya moto bila kuvikunjua, kwa muda mrefu, hadi nikataka kumwambia aache. "Hivi," akasema. "Baba alikuwa anavifungua kimoja kimoja, kwa maji ya moto."

Udongo wa juu, wenye rutuba, ulifukiwa, mahindi yakatoka ya manjano. Tena, aliyeazima shamba aliogopa kulitengeneza, na mwenye shamba aliogopa kuliazimisha, maana mtu akishaweka matuta yake pale atatokaje? Wajane waliokuwa wakiishi kwa kuazima wakakosa pa kulima. Hapo ndipo watu wakasema serikali inabana shi. TANU ilipopanda mlimani ilikuta kuni zimekauka, na kabla miaka ya 1950 haijaisha matuta ya lazima yakaondolewa.

Nadhani tunawakosea kina mama hawa. Tukisimulia uhuru tunataja mikutano na hotuba. Mama wa bibi yangu hakuwahi kuhutubia mtu. Alikataa kulima tuta la pili, basi, na mumewe akauza mbuzi kulipa faini.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta bibi ameshatoka. Nikamfuata shambani nyuma ya nyumba, koti limelowa umande mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameinama anakata majani ya gwatemala, mstari mrefu ulionyooka kando ya mteremko, na nyuma ya mstari udongo umejikusanya sawa, mweusi, na maharage yamesimama juu yake. Nikatazama chini: mstari mwingine, na mwingine. Ngazi.

"Shikamoo bibi. Haya si matuta?"

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Ni makingamaji. Nimeyapanga mwenyewe, mwaka hadi mwaka, na majani ng'ombe anakula. Shika huu mzigo."

Nikaushika. Ulikuwa wa baridi kama maji ya mtoni.