Kumbukumbu ya mradi wangu: mlinzi wa darajani, mezani na kwenye laptopu

Tar 2 Machi

Naanza kuandika leo maana nisipoandika nitasahau nilibadilisha nini na kwa sababu gani. Mradi uko hivi: nachukua kisa kimoja kifupi, tunakicheza mezani na watu wangu hapa Busia, upande wa Uganda (msimulizi anaeleza hali, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, dadu inaamua kama amefaulu), alafu nakijenga kilekile ndani ya kompyuta nione nini kinaingia na nini kinakataa kuingia. Kisa chenyewe ni daraja. Kuna mto, kuna daraja moja la magogo, kuna mlinzi, na ng'ambo ndio kwa Nyamiyonga, yule mfalme wa kuzimu kwenye hadithi za Bachwezi, wale watawala wa kale, wazee wa Bunyoro wanamjua vizuri kuliko mimi. Wachezaji wanataka kuvuka, basi.

Hii michezo mimi niliianzia mwisho. Ya mezani ilianza Marekani 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, lakini mimi nilikutana kwanza na mtoto wake wa kompyuta, gemu ya Baldur's Gate ya 1998, lile toleo lililofanyiwa marekebisho likawekwa kwenye simu. Nikacheza miezi bila kuelewa kwa nini nikivaa deraya nzuri zaidi namba ya kinga inashuka badala ya kupanda, nikadhani simu yangu ina shida. Siku niliposoma sheria za mezani za toleo la pili ndo nikajua, enzi hizo namba ndogo ndio kinga kubwa na gemu ilizibeba hizo hesabu za mezani karibu kama zilivyo. Tangu hapo nimekuwa nataka kujua kingine kilichobebwa ni kipi, na kilichoachwa ni kipi.

Mezani tunatumia toleo la tano la Dungeons & Dragons kwa sababu sheria zake za msingi ziliachiwa mwaka 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, unaruhusiwa kuzitumia, kuzitafsiri, hata kuuza ulichotengeneza nazo ilimradi uwataje wenyewe. Nilipiga chapa kurasa ninazohitaji tu. Kwa kompyuta nimechagua gemu ya Neverwinter Nights ya 2002, laptopu yangu kuukuu inaiweza na inakuja na karakana yake, Aurora Toolset, ya kujengea visa vyako mwenyewe. Baldur's Gate 3, ile mpya ya ukoo wa Baldur's Gate, inataka karibu GB 150 za nafasi, hiyo kwa laptopu hii tusahau.

Tar 9 Machi

Leo hatukucheza, tumebishana tu maneno ya Kiswahili ya kuwaitia aina za wahusika, na mimi nimefurahi sana. Tuko watano: mimi msimulizi, mdogo wangu ambaye gemu za kompyuta ndio chakula chake, fundi wa simu (tunakaa nyuma ya kibanda chake Jumapili jioni), jamaa wa boda, na Dada anayeuza mitumba. Dada akakataa katakata kuwa mchawi. Akasema neno lenyewe halikai mdomoni mwake, mchawi ni mtu anayeroga jirani, yeye hawezi kusema "mimi mchawi" mbele ya watu hata kwa mchezo. Na ana haki, kwa Kiingereza lile neno, wizard, ni mzee na kitabu chake, kwetu ni jambo zito. Tukakubaliana anayejifunza kwa vitabu tumwite msomi, anayepewa nguvu na mungu wake ni mtumishi, na yule aliyefunga mkataba na kiumbe cha ajabu ni mwenye agano. Hapo Dada akachangamka, akachukua mwenye agano. Maneno mengine ya sheria, uhai, kinga, kujinusuru, hayo hayakutusumbua.

Dadu ya pande ishirini, ndiyo mchezo huu unaitaka, hapa mjini sijaiona, za ludo ndio zimejaa kila stendi. Tumeandika namba 1 mpaka 20 kwenye vizibo vya soda, vinakaa ndani ya soksi, unatikisa unachomoa. Fundi alikuwa na programu ya dadu kwenye simu, ni ya bure na inafanya kazi vizuri, lakini Dada na jamaa wa boda wakasema wanataka bahati yao waishike kwa mkono wao.

Tar 16 Machi

Tumecheza daraja. Naandika usiku huuhuu kabla halijapoa.

Nikaeleza mto, magogo, mlinzi amekaa kwenye kigoda na mkuki umelala mapajani. Nikauliza mnafanya nini. Mdogo wangu akanyamaza, akaangalia karatasi yake, akaniangalia mimi, akasema, "Chaguo ni zipi?" Nikamwambia hakuna chaguo, wewe sema unachofanya. Akaangalia karatasi tena. Huyu kijana kwenye kompyuta ni hodari kunishinda mimi mbali, anajua asimame wapi, nani apigwe kwanza, lakini pale alikuwa anasubiri orodha itokee.

Jamaa wa boda, ambaye hajawahi kushika gemu maishani mwake, akadakia palepale, "Huyu mlinzi anatoka zamu saa ngapi?" Alafu akauliza njia ya panya iko upande gani. Watu wa mpakani hao! Dada yeye hakuuliza kitu. Alienda akamsalimia. "Habari ya kazi mzee, watu wa nyumbani hawajambo?" Mimi nilikuwa sijamwandikia yule mlinzi nyumba wala watu, nilikuwa nimemwandikia uhai 11 na mkuki. Mdomo wangu ukasema, "Wako salama, isipokuwa mdogo anakohoa." Sijui lilitoka wapi. Dada akafungua mzigo wake akampa nusu ya chakula, akasema mtu wa zamu jioni huwa ana njaa, na hilo analijua kwa macho maana anavuka mpaka na mizigo karibu kila siku.

Nikaweka ugumu 15, yaani kizibo pamoja na bonasi yake vifike 15, yeye anaongeza 5, kwa hiyo kizibo cha 10 kwenda juu kinamtosha, hiyo ni asilimia 55. Kwa ajili ya chakula nikampa faida, anachomoa mara mbili tunashika kilicho kikubwa, na nafasi yake ikapanda karibu asilimia 80. Akachomoa 4. Akarudisha, akatikisa soksi muda mrefu kweli, akachomoa 7.

Kimya. Ningeweza kusema "amekataa, ondokeni" lakini baada ya ule mtoto wa kikohozi nisingeweza. Mlinzi akasema, "Mama, nakuelewa, lakini yule wa kuzimu huja kunihesabu kila jioni, akikuta alama za miguu ya mtu darajani atahesabu na wangu wa nyumbani." Basi kuvuka hakuna anayekutaka tena, wote wanne wanataka kumtoa mlinzi mikononi mwa Nyamiyonga. Maandalizi yangu ya ng'ambo ya mto yote nimeyafunga.

(Ya kukumbuka: kizibo namba 20 kimebonyea ukingoni na fundi amegundua anakitambua kwa kidole, kasema mwenyewe, sikumkamata. Tunabadilisha vyote, tutakata vipande sawasawa kutoka kwa soli ya slipa kuukuu.)

Tar 30 Machi

Wiki mbili niko ndani ya toolset. Ardhi ni rahisi, unapanga vigae vya mraba, mto huu hapa, daraja hili hapa, jioni moja imetosha. Kazi ni mdomo wa mlinzi.

Mazungumzo mle ndani ni mti. Mstari wa mlinzi ni mwekundu, chini yake majibu ya mchezaji ya buluu, chini ya kila jibu mwekundu mwingine, na unaendelea hivyo mpaka uchoke. Salamu ya Dada tu imenichukua matawi matatu. Kumpa chakula inabidi niandike skripti ndogo, maagizo kwa kompyuta, ya kuangalia kama mchezaji anacho kweli, nyingine ya kukitoa, nyingine ya kumwekea mlinzi alama ili kesho akumbuke alipewa. Mistari ya kuhusu mtoto anayekohoa sijaimaliza bado. Nimehesabu mistari ya mlinzi leo, 46, ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda! Mezani yule mlinzi alizungumza karibu nusu saa na sikuwa nimemwandikia hata neno moja.

Lakini swali la jamaa wa boda, la zamu, hilo kompyuta imelipokea vizuri kuliko nilivyolipokea mimi. Gemu ina saa yake, ukiiacha kama ilivyokuja saa moja ya mle ndani ni dakika mbili za kwetu, na kila kiumbe huendesha skripti yake ya mapigo ya moyo kila sekunde 6. Nikamwambia mlinzi, kila pigo angalia kama ni usiku, kama ni usiku inuka uende nyumbani. Nikaiwasha nikatulia. Giza likaingia, akainuka kigodani, akatembea, na hapo nikashtuka maana hana pa kwenda. Alitembea mpaka ukingo wa ramani akasimama.

Mezani neno "nyumbani" lilitosha, kila mtu alijijengea nyumba yake kichwani na hakuna aliyeuliza mlango uko wapi. Kompyuta inataka mlango. Nikamjengea nyumba, ya udongo, nyuma ya migomba (migomba haimo, nimetumia miti mingine, inaniuma), na nilipokuwa natafuta pa kuiweka ndo nikaona ukisimama mlangoni unaliona daraja lote. Yaani mtoto anamwona baba yake akihesabiwa kila jioni. Hilo sikulijua mezani. Jumapili iliyofuata nililirudisha mezani, Dada akaweka karatasi yake chini akasema, "Mtoto ndio wa kuzungumza naye."

Kuhusu mapigano sina mengi. Raundi, awamu moja ya kupigana, ni sekunde 6 pande zote mbili, ila kwenye kompyuta zinakuwa sekunde 6 kweli na mezani zinaweza kula dakika ishirini. Kwa hesabu kompyuta inashinda, na sheria haisahau.

Tar 20 Aprili

Pasaka nimeila Kampala kwa binamu yangu, ana kompyuta yenye nguvu, tumecheza Baldur's Gate 3 usiku mbili mfululizo. Ni kazi kubwa na nawaheshimu walioifanya. Ukitaka kumshawishi mtu dadu inabingirika katikati ya skrini, bonasi zako zinaongezwa moja moja unaona, ile hofu ya soksi yetu ipo. Sheria wamezigusa hapa na pale. Ya nani aanze kwenye vita mezani unatupa dadu ya pande 20, wao wanatumia ya pande 4, kwa hiyo mwepesi karibu kila mara anatangulia. Ukipata 1 kwenye mazungumzo umeshindwa hata kama bonasi ingekuvusha, wakati kwenye sheria za toleo la tano 1 haina adhabu hiyo kwa majaribio ya kawaida. Alafu kuna mpangilio wa dadu zenye huruma, unakuja ukiwa umewashwa, unapunguza mikosi mirefu mfululizo. Nimemwomba binamu auzime, akauzima.

Kilichonikaa rohoni ni F8. Binamu akifika kwa mtu wa kumshawishi anasevu kwanza kwa F5, akishindwa anabonyeza F8 anarudi pale pale. Mlinzi mmoja alimkatalia mara nne, ya tano akakubali, tukapita, na nilipomuuliza binamu yule mlinzi alisema nini alipokataa hakukumbuka, alikuwa anairuka mistari. Na walioiandika wameandika mengi kwa ajili ya aliyeshindwa, yamo mle ndani, mengine mazuri kuliko ya aliyefaulu. Nilikuwa nafikiria 4 na 7 za Dada. Tungekuwa na F8 kwenye kile kibanda tungevuka daraja jioni ileile, na mlinzi asingekuwa na nyumba mpaka leo.

Tar 4 Mei

Neverwinter Nights ina kitu kimoja nilikuwa nakipita kila siku, programu ya msimulizi. Unaingia kwenye kisa kinachochezwa bila kuonekana, na unaweza kumvaa kiumbe yeyote ukatembea na kuzungumza kwa mdomo wake. Leo tumejaribu, laptopu yangu na ya fundi, tumeziunganisha kwa hotspoti ya simu bila bando. Stima ilikuwa imekatika tangu mchana, kwa hiyo tulikuwa na saa moja na nusu ya betri na hatukupoteza hata dakika.

Mistari 46 nikaiacha ilale, nikamvaa mlinzi mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa kibanda kwenye kibodi, Dada na jamaa wa boda wamemwinamia begani. Akafika darajani, akambonyeza mlinzi, orodha haikutokea. Nikamsikia akibonyeza tena, na tena. Dada hakumwambia kitu, nilimshukuru moyoni. Alafu nikasikia vidole vinaandika polepole, na kwenye skrini yangu likatokea:

mtoto amepona?

Ilinichukua muda kujibu, si kwa sababu ya kuandika, ni kwamba nilikuwa lazima niamue. Nikaandika: mchana hajambo, usiku bado anakohoa.

Akaandika: tunaweza kumwona?

Mlango nimeujenga lakini nyuma yake hakuna chumba. Betri imebaki asilimia 9. Nikamwambia mlinzi asimame, atangulie, na nikawaomba tuishie mlangoni leo. Kazi ya wiki hii ni ndani ya nyumba: kitanda kimoja, moto, dirisha la kuangalia mtoni.