Kutwa na brashi, jioni na kalamu ya mwanzi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla Kimara, hapa Dar es Salaam, haijaanza kelele zake, huwa nimeshaketi kibarazani na gazeti kuukuu, kibakuli cha wino na kalamu ya mwanzi niliyoichonga mwenyewe. Nina umri wa miaka 47, kazi yangu ni kuandika mabango kwa mkono, na tangu mwaka jana ninajifunza kuandika na kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama alivyokiandika bibi yangu wa Kilwa, ambaye barua zake zimekaa sandukuni miaka mingi bila msomaji. Herufi zenyewe ninazijua tangu chuo cha Kurani, lakini msahafu una fatha na kasra, yaani alama za irabu, zote mahali pake, na bibi aliziruka nyingi. Leo ninarudia herufi "ain" peke yake kwa nusu saa, kwa kuwa mkono uliozoea brashi huvuta mstari kwa bega zima, ilhali mwanzi unataka vidole.

Saa kumi na mbili na nusu ninapanda basi la mwendokasi, nimesimama mpaka Kisutu.

Kuanzia saa mbili ninaandika CHAKULA TAYARI kwenye ukuta wa mgahawa. Watu hudhani ugumu wa kazi hii ni kuchora herufi, kumbe ugumu uko kwenye nafasi kati yake: T na A zikiachiwa nafasi sawa na ile ya K na U, jicho linaona pengo, hivyo ninaisogeza A chini ya mkono wa T hadi neno lishikamane. Ninapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, ninaongeza thina kidogo rangi inapokuwa nzito, kisha ninapanda ngazi. Mabango ya kuchapwa kwa mashine yametupunguzia wateja sana, lakini pia ndiyo yaliyonipa saa za kusoma, kwa hiyo siyalaani kwa sauti kubwa.

Saa saba, baada ya wali maharage kwa mama lishe, ninatembea hadi Sanamu ya Askari, penye makutano ya Samora na Azikiwe. Ilizinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi yake ni ya Kiingereza na Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Nilipita hapo miaka ishirini nikiwa na ndoo ya rangi mkononi, wala sikutambua kwamba kitabu changu cha kiada kilikuwa kimesimama barabarani, bila ada wala kadi. Ninanakili mstari mmoja, ninaulinganisha na Kilatini chake, ninarudi kazini.

Saa kumi jioni mwenye mgahawa ananilipa nusu na kuniambia nipite Ijumaa.

Baada ya Magharibi ninaingia Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo. Maalim wangu ni mzee wa miaka themanini na kitu, anayefundisha nyumbani kwake kwa malipo ya kahawa na kashata. Leo nimemletea neno lililonishinda wiki mbili: herufi kaf na ba tu, yaani k na b, basi. Mimi nilisoma "kaba", nikaogopa kwamba barua inasimulia ugomvi.

"Mwanangu," akasema huku akicheka, "wazee waliandika p kwa ba, na m iliyotangulia ba mara nyingi waliimeza. Hiyo yaweza kuwa kaba, kamba au kampa. Haya, rudi nyuma uone ni nani anayetajwa."

Nilirudi nyuma ya neno, kidole kikifuata wino uliofifia. Lililotangulia lilikuwa jina la baba yangu. Baba kampa. Tulikuwa bado tunatafuta alichompa wakati mwadhini wa Isha alipoanza.