Mlinzi aliniuliza "mlemavu yuko wapi?": nilivyofanikiwa kutumia choo cha walemavu hapa Dar

Mi naishi Kimara, kazi yangu Kariakoo, nauza vitenge na mashuka kwenye fremu ndogo tunayochangia na dada yangu. Ukikutana na mimi njiani hutajua chochote maana natembea vizuri, nacheka na watu, napanda mwendokasi nasimama kama wengine. Ila chini ya dera, upande wa kulia wa tumbo, nina mfuko. Inaitwa stoma, yaani madaktari walitoa utumbo mpana wote wakaleta ncha ya utumbo mdogo nje ya ngozi, choo kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Pale hakuna msuli wa kubana. Kinatoka kinapotaka, usiku na mchana, kazi yangu mimi ni kumwaga mfuko kabla haujajaa.

Nilifikaje huko ni habari ndefu nitaipitia haraka. Karibu miaka minne nilikuwa naharisha damu, nikaambiwa amiba, nikaambiwa taifodi, nikameza dawa za amiba mpaka mdomo ukawa na ladha ya chuma, nyumbani wengine wakaanza kusema nimerogwa. Mwisho ndo nikafanyiwa kipimo cha kamera ikaonekana ni kolaitisi, utumbo mpana una vidonda kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia yenyewe. Dawa zikagoma, 2019 nikafanyiwa oparesheni. Namshukuru Mungu niko hai na damu ilikoma. Lakini siku natoka wodini nilifundishwa kubadilisha mfuko kitandani, hakuna aliyeniambia nikiwa mjini najisaidia wapi.

Watu huwa wananiuliza kwani choo cha kawaida kina shida gani, ngoja nieleze maana hapa ndo pana kila kitu. Mfuko unatakiwa kumwagwa ukifika theluthi au nusu, kwangu mimi ni mara sita au saba kwa siku. Ukiuacha ujae unakuwa mzito unabandua gundi, na jua la Dar na jasho vinasaidia kuibandua. Yale maji ya utumbo mdogo bado yana vimeng'enya vya kusagia chakula, yakigusa ngozi yanaunguza kama umepaka pilipili. Sasa vyoo vingi vya kulipia mjini ni vya kuchuchumaa. Natakiwa nifungue mdomo wa mfuko kwa chini, niuelekeze chooni, nimwage, nifute kwa tishu, nisuuze, nifunge. Kwenye choo cha kuchuchumaa inabidi niiname kabisa au nipige magoti, sakafu imelowa, dera nimeling'ata kwa meno, mkono mmoja umeshika mfuko mwingine umeshika kopo, begi halina pa kutundikwa nimelivaa shingoni, na kitasa kimekufa kwa hiyo mlango nauzuia kwa mgongo huku nje mtu anagonga anasema dada fanya haraka kuna foleni. Hapo ni kumwaga tu. Kama umevuja na natakiwa kubadilisha wote ni dakika ishirini, nahitaji sinki humo humo ndani, siwezi kutoka nikaenda kwenye sinki la wote tumbo likiwa wazi. Choo cha walemavu kikiwa kizima kina hivyo vyote, choo cha kukaa, nafasi ya kugeuka, maji karibu, mlango unaofunga.

Siku iliyonibadilisha ilikuwa ya mvua. Bonde la Jangwani lilikuwa limejaa maji, mwendokasi haupiti, nikawa nimekwama upande wa mjini, mfuko unazidi kuwa mzito. Nikaingia kwenye jengo moja kubwa la maduka nikiwa najua wana choo chenye alama ya kiti mwendo. Mlango umefungwa kwa kufuli. Nikamfuata mlinzi, nikamwambia kaka samahani naomba ufunguo wa choo kile. Akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Mlemavu yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Dada, vya wanawake viko kule, hicho ni cha wenye matatizo." Watu wameanza kugeuka. Nilitaka kusema, neno halikutoka, nianze hapo mbele ya watu kusema mimi nina mfuko wa kinyesi tumboni? Nikaenda kwenye vile vya wanawake, foleni ya watu kama tisa, nikiwa wa nne gundi ikaachia. Yaani nilihisi ule moto unateremka mpaka kwenye paja. Nilijifunga kitenge cha biashara juu ya dera nikatoka kwenye mvua, nikakaa nyuma ya bajaji mpaka Kimara nalia, dereva hakuniuliza kitu, Mungu ambariki.

Baada ya hapo nikajitengenezea dawa yangu mwenyewe ya kijinga, nikawa sili wala sinywi mpaka nirudi nyumbani. Kumbe ndo kujiua. Mtu asiye na utumbo mpana anapoteza maji na chumvi nyingi kuliko mwingine, maana utumbo mpana ndo unaofyonza maji, na ukikaa bila kula ndo gesi inajaa na kinachotoka kinakuwa maji matupu. Wiki ya pili nilianguka dukani. Nesi wa kliniki alinisema vibaya sana, akaniambia wali, ndizi za kupika, mkate, hivyo vinafanya kiwe kizito, kula, na maji ya chumvi na sukari ya pakiti utembee nayo. Mahindi ya kuchoma na korosho nitafune mpaka ziwe uji la sivyo zinaziba. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, "Kwani wewe unaona aibu kusema una ulemavu?"

Kwakweli nilikuwa naona. Mama yangu mpaka leo akisikia nalitumia neno hilo anasema usijitamkie mwanangu, mlemavu ni yule asiyejiweza. Nikaja kuisoma Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ile namba 9 ya mwaka 2010, nikitegemea kukuta mambo ya viti mwendo na fimbo nyeupe. Nikakuta inamzungumzia mtu mwenye upungufu wa mwili, wa akili au wa hisia ambaye uwezo wake unabanwa na mazingira na mitazamo ya watu. Nikakumbuka ile foleni ya watu tisa. Mwaka mmoja kabla, 2009, nchi ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kumbe neno lilikuwa langu muda wote. Binamu yangu aliyeko Uingereza akaniambia kule kuna ufunguo mmoja unaofungua maelfu ya vyoo vya walemavu nchi nzima, na kuna utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ulianzia uwanja wa ndege wa Gatwick 2016, ukiuvaa shingoni wafanyakazi wanajua una ulemavu usioonekana. Japani wameweka mpaka sinki maalumu kwenye vyoo, iko usawa wa tumbo, ya kumwagia mifuko kama yangu. Lakini huo utepe nikiuvaa Kariakoo nani ataujua? Nikaona nitafute cha hapa hapa.

Cha kwanza nilichofanya ni barua. Nilimwomba daktari mistari miwili tu, kwamba huyu ana stoma, ni ulemavu wa mwili usioonekana, anahitaji choo chenye nafasi na maji, iwe na muhuri. Muhuri ndo muhimu jamani, mlinzi wa Kitanzania anaheshimu muhuri. Nikapeleka steshenari wakanipunguzia ikawa saizi ya kitambulisho, wakaitia plastiki. Inasaidia, kwa walinzi kama nusu yao. Wengine wanasoma kwa sauti, hapo ndo shida, wanasoma kwa sauti.

Kilichonisaidia kuliko barua ni kugundua kwamba mlinzi hana ufunguo. Ufunguo anao mama wa usafi! Vile vyoo vingi vinafungwa kwa sababu vimegeuzwa stoo, ukifungua unakuta ndoo, mopa, maboksi ya sabuni. Kwa hiyo nikaanza kwenda siku ambayo sina shida. Asubuhi, mfuko mtupu, sina haraka, nauliza mama wa usafi yuko wapi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Tunasalimiana vizuri, habari za nyumbani, habari za kazi, ndo nampeleka pembeni namwambia mama mimi nilifanyiwa oparesheni ya utumbo, nina mfuko hapa, siku nikija mbio sitaweza kueleza, naomba unijue sura. Huyo wa kwanza alishika mdomo, akasema pole sana mwanangu, mdogo wangu alikuwa na huo huo akaugua akafa nao anaona aibu. Akanionyesha anapoficha ufunguo. Nimefanya hivyo sehemu tano sasa kati ya Kimara na Posta, sehemu moja tu nilikataliwa. Ukifika unahangaika huna salamu, unaonekana mkorofi. Ukishasalimiana mapema, siku ya shida unanyoosha mkono tu.

Nje ya hizo tano nina za akiba. Sheli nyingi zina choo na ukiomba kwa ustaarabu wanakuruhusu. Misikitini maji hayakosekani ingawa ni vya kuchuchumaa, vinafaa kumwaga tu. Hospitali yoyote, unaingia kama unakwenda kumwona mgonjwa.

Kuna kitu lazima nikiseme. Siku moja nimetoka kwenye kimojawapo nikamkuta kaka mmoja kwenye kiti mwendo anasubiri nje, kavimba. Akaniambia nyie wazima ndo mnatufanyia hivi, mnaingia kubadilishia nguo, mimi nina robo saa hapa na hiki ndo choo pekee ninachoingia. Ilinichoma kwa sababu alikuwa na haki. Nikamwambia samahani sana kaka, nina mfuko tumboni, ulikuwa umevuja. Akanyamaza, akasema "Sasa si ungesema," halafu akaingia. Nilimsubiri. Alipotoka tuliongea muda mrefu, akaniambia yeye anakereka kila mtu anamwona kabla hajafungua mdomo, wanamsukuma bila kumuuliza, na mimi shida yangu ni kinyume. Akanitajia vyoo viwili ambavyo mimi sikuvijua, na kimoja akaniambia nisihangaike, mlango wake ni mwembamba hata kiti hakipiti, alama imebandikwa tu. Tangu hapo nina utaratibu, nikikuta mwenye kiti mwendo anapita kwanza kama mimi ni kumwaga tu, kama umevuja namwambia ukweli tuelewane. Na siachi uchafu. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, mwezi ule ule niliotoka hospitali, kwa hiyo natunza vifungashio vya mkate, nafungia mfuko uliotumika ndani yake na gazeti, natoka nao kwenye begi kama hakuna pipa.

Begini sasa natembea na mifuko miwili iliyokatwa tayari tundu la kuingiza stoma (ni ghali na siyo kila duka la dawa utaikuta, agiza kabla haijaisha), tishu, chupa ya maji ya nusu lita ya kusuuzia, kitenge cheusi. Tishu kidogo natupia chooni kwanza ili yasirukie juu. Nikibadilisha mfuko, plasta za kuushikilia nazibandika kwenye kioo au ukutani zikinisubiri.

Kilichobaki kunisumbua ilikuwa begi, kila choo sakafu imelowa na ukutani hakuna hata msumari. Nikamwomba yule mama wa kwanza nibandike kindoano cha gundi, vile vya elfu mbili wanavyouza wamachinga. Akasema ngoja nimuulize supavaiza, akarudi akasema bandika mwanangu, weka chini kidogo na wa kwenye kiti afikie. Nikakishusha. Juzi nimepita, bado kipo, na kuna mtu alikuwa amesahau mwavuli wake umening'inia pale.